Masaa Saba kwa Dakika Kumi na Moja: Hesabu ya Foleni za Hospitali Zetu



Mhariri aliniomba niandike kuhusu ninachosoma, kwa sharti moja: mtu wa sheria na mtu wa uchumi wote waelewe. Nimejaribu. Mimi nasomea uhandisi wa mifumo, ule uhandisi usio na nyundo wala saruji. Kazi yetu ni kuangalia vitu vinavyopita mahali, chupa kiwandani, makontena bandarini, watu uwanja wa ndege, na kuuliza vinasimama wapi na kwa nini. Leo badala ya chupa nitazungumzia wagonjwa, na aliyenifanya nifikirie jambo hili ni mama yangu mzazi.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nyumbani likizo, nikamsindikiza mama kliniki ya presha katika hospitali moja ya serikali. Sitaitaja, maana wanaofanya kazi pale si maadui zangu na tatizo lenyewe liko kila mahali. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tukafika saa kumi na mbili kamili, na kadi yake ikawa ya themanini na saba. Nilikuwa na kidaftari mfukoni, ugonjwa wa fani yangu huo, nikawa naandika. Saa tatu madaktari walianza. Saa tano na dakika arobaini mama aliingia kwa daktari. Saa saba mchana tulitoka getini na kifuko cha dawa. Kwa hiyo masaa saba. Nikiwa kwenye daladala nilijumlisha zile dakika ambazo mtu fulani alikuwa akimhudumia mama kweli: mapokezi 2, kupimwa presha 2, daktari 4, dirisha la bima 1, dirisha la dawa 2. Jumla dakika 11.

Sikuwa nimeshangaa sana mpaka aliponiambia kwamba miezi miwili kabla ya hapo hakwenda kabisa, na dawa zilimwishia. Nilipomgombeza (kwa adabu, ni mama) alinijibu, "Mwanangu, presha haiumi. Foleni ndiyo inauma."

Hapo ndipo nilipoona kwamba foleni ni sehemu ya ugonjwa. Mtu mwenye presha hasikii chochote, anajisikia mzima, na mara moja kila mwezi tunamwomba apoteze siku nzima ya biashara yake ili apewe vidonge vilevile. Siku atakayochoka hatamwambia daktari. Ataacha tu, na tutakuja kujua akishapata kiharusi.

Tukikaa kwenye benchi watu husema madaktari ni wachache, au ni wavivu, au serikali haina fedha. Uchache ni kweli, sibishi. Lakini mimi nataka kuonyesha kwamba kwa madaktari walewale na wagonjwa walewale, masaa saba yanaweza kuwa mawili, na pengine chini ya hapo. Sababu imo katika hesabu ambayo ina zaidi ya miaka mia moja.

Simu za Copenhagen

Aliyeianzisha ni Agner Krarup Erlang, Mdenmark, mwanahisabati aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Wakati ule ukipiga simu, mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wa nyaya ndiye aliyekuunganisha. Swali la kampuni lilikuwa: tuweke laini ngapi ili mteja asisubiri sana, bila kulipia laini zinazolala tu? Erlang alichapisha andiko lake la kwanza mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa fomula zinazotumika hadi leo. Badilisha simu kwa mgonjwa, na mwanamke wa ubao kwa daktari, na umeshapata OPD.

Fundisho kubwa la nadharia hii ni moja, na watu wengi wenye madaraka hawalijui. Kusubiri hakukui sawasawa na kazi. Chukua daktari mmoja anayemwona mgonjwa kwa wastani wa dakika 6, na wagonjwa wanaokuja bila mpangilio, wengine wepesi wengine wazito. Ili kupata wastani wa kusubiri, chukua sehemu ya muda wake iliyobanwa, gawanya kwa sehemu iliyobaki wazi, kisha zidisha kwa zile dakika 6. Akiwa amebanwa nusu ya muda wake, mgonjwa atasubiri dakika 6. Akibanwa asilimia 80, dakika 24. Asilimia 90, dakika 54. Asilimia 95, dakika 114, karibu masaa mawili!

Tazameni tena hizo namba mbili za mwisho. Kazi imeongezeka kwa asilimia tano tu ya muda wa daktari, kusubiri kumezidi mara mbili. Ndiyo maana meneja wa hospitali anayejivunia kwamba daktari wake hapumui hata dakika moja anajivunia foleni. Kwa mhasibu, daktari aliyekaa dakika tano bila mgonjwa ni hasara. Kwa mhandisi, dakika hizo tano ndizo zinazoizuia foleni isifike barabarani.

Na hesabu hii ina upande wake mzuri: inafanya kazi ikirudi nyuma pia. Ukipunguza kazi kidogo pale palipobana, foleni inaanguka sana. Nitarudi hapo, maana ndipo dawa ya mama ilipo.

Kabla sijasahau, kuna kanuni nyingine ndogo ambayo ningependa kila msomaji aondoke nayo. John Little, Mmarekani, aliithibitisha kwenye karatasi aliyoichapisha mwaka 1961. Idadi ya watu walio ndani ni sawa na idadi wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Igeuze: muda ni watu waliomo, gawanya kwa wanaotoka kwa saa. Ukikuta watu 120 kwenye mabenchi, na ukiona wanaotoka ni 30 kwa saa, basi mtu wa kawaida anakaa masaa manne. Huhitaji kompyuta wala ruhusa ya wizara. Unahesabu vichwa tu. Kanuni ya Little inadai idadi iwe imetulia, haipandi wala kushuka haraka, kwa hiyo ifanyeni katikati ya asubuhi.

Foleni inayoanza kabla mlango haujafunguliwa

Zile dakika 114 hazielezi masaa saba ya mama, na mwanafunzi makini ameshaliona hilo. Kwetu kuna foleni ya aina nyingine kabisa: watu wote wanakuja kwa pamoja alfajiri.

Tufanye mfano wa hesabu nyepesi. Madaktari watatu, kila mmoja dakika 6 kwa mgonjwa, kwa hiyo watu 30 kwa saa. Wagonjwa 180. Wote wamefika saa kumi na mbili asubuhi, madaktari wanaanza saa tatu. Wa mwisho ataingia kama saa tisa alasiri. Wastani wa kusubiri ni masaa matatu ya kungoja mlango, na mengine matatu ya kungoja zamu yako. Sita.

Mkuu wa mkoa akija kwa ghafla na kamera atafoka: madaktari waanze saa mbili! Sawa, waanze. Wastani utakuwa masaa matano. Amepata saa moja, na magazeti yataandika.

Sasa chukua wagonjwa walewale 180, madaktari walewale watatu, kuanza kulekule saa tatu, ila watu 30 waambiwe waje saa tatu, 30 saa nne, 30 saa tano, mpaka mwisho. Wa kwanza katika kila kundi hasubiri, wa mwisho anasubiri karibu saa nzima, wastani nusu saa. Kutoka masaa sita hadi nusu saa, bila kuajiri mtu hata mmoja. Siku halisi haitakuwa safi hivyo, daladala zitachelewa na mvua itanyesha, lakini hata mkikosea mara tatu bado ni saa moja na nusu.

Jambo hili Waingereza walilifanyia kazi zamani. Mwaka 1952 Norman Bailey alichapisha uchunguzi wake juu ya foleni na miadi katika kliniki za wagonjwa wa nje. Alipofanya hesabu (kwa mkono na majedwali ya namba za bahati nasibu, hakuna kompyuta) aliona kwamba kliniki nyingi ziliuthamini muda wa daktari kiasi kwamba muda wa mgonjwa ulihesabiwa kuwa bure. Ushauri wake: waite wagonjwa wawili mwanzoni, ili daktari asikae bure mmoja akichelewa, kisha waliobaki waje mmoja mmoja kwa kuachana muda sawa na wastani wa huduma. Ushauri huo bado unafundishwa darasani kwetu.

Kwa nini nyumbani hatufanyi? Nimeuliza. Jibu la kawaida ni kwamba watu wetu hawafuati muda. Samahani, mimi sikubali. Mtu anayeamka saa tisa usiku ili awe wa kwanza hospitalini anafuata muda kuliko profesa wangu. Anaamka kwa sababu anajua sheria ya mchezo: aliyewahi ndiye atakayeonwa, na namba zikiisha zimeisha. Na kwa kuwa jirani yake anaamka saa tisa, yeye ataamka saa nane. Wote wanafika mapema zaidi, na hakuna aliyepata faida. Karatasi ya miadi ya saa tano itaheshimiwa siku mtu aliyekuja saa tano ataona kweli anaingia saa tano, mbele ya yule aliyelala getini. Wiki ya kwanza kutakuwa na kelele, na muuguzi wa mapokezi ndiye atakayetukanwa. Mpango usiomwandaa huyo muuguzi, na usiomweka mkubwa wake karibu naye asubuhi hiyo, utakufa kabla ya Ijumaa.

Milango mitatu, na mafaili ishirini

Katika ile hospitali ya mama, kila daktari alikuwa na benchi lake. Ukipangiwa mlango namba 2, umeoa mlango namba 2. Mlango wa kwanza ulipotulia, daktari wake akachungulia nje na kurudi ndani, wakati sisi wa namba 2 tumejaa mpaka ukutani. Turudi kwa Erlang. Madaktari watatu waliobanwa asilimia 90, kila mmoja na foleni yake: wastani dakika 54. Madaktari hao hao, foleni moja tu, anayefuata anaingia mlango wowote ulio wazi: wastani kama dakika 16. Benki na posta za hapa Uingereza zilishaweka kamba moja ya foleni kwa sababu hiyohiyo. Kuna hoja nzuri dhidi yake, kwamba mgonjwa wa muda mrefu anafaidika kuonwa na daktari anayemjua, na mimi naikubali kwa kliniki ya sukari au ya saratani. Kwa mafua na malaria siioni.

Jingine ni tabia ya kulimbikiza. Faili la mama lilitoka chumba cha mafaili kwenda kwa wauguzi mikononi mwa kijana mmoja aliyesubiri yafike kama ishirini ndipo ayabebe. Simlaumu, ngazi ni ndefu. Lakini kama faili moja linapatikana kila baada ya dakika 2, la kwanza linangoja dakika 38 na wastani ni 19, kabla mtu yeyote hajalifungua. Akibeba matano matano, wastani unakuwa dakika 4. Maabara nazo hutoa majibu kwa mafungu. Kila palipo na fungu, weka alama kwenye daftari lako.

Na maabara inaleta kitu ambacho wengi hawakihesabu: kurudi. Mgonjwa anamwona daktari, anaandikiwa vipimo, analipa, anatolewa damu, anasubiri majibu, halafu anarudi kwa daktari yuleyule. Ikiwa kati ya wagonjwa 100, 60 wanarudi na majibu, daktari hana wagonjwa 100. Ana 160. Kila anayerudi anagombana mlangoni na ambaye hajaonwa, "mimi narudisha majibu tu!", na mshale wa foleni unageuka kuwa duara. Hapa kuna nafasi kubwa ya kupunguza kazi: muuguzi mwenye mwongozo ulioandikwa na daktari aagize kile kipimo kinachojulikana kabla mgonjwa hajaingia. Mtoto mwenye homa katika eneo la malaria atapimwa malaria tu, hakuna haja ya kupanga foleni ili aambiwe hivyo. Akiingia kwa daktari anaingia na jibu mkononi, mara moja.

Foleni isiyoangalia uso

Kuna jambo la siku ile ambalo si la hesabu. Kama saa nne hivi, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akipiga deki kati ya mabenchi alisimama ghafla, akaweka fagio chini, akamwambia mama mmoja kijana, "Dada, mtoto wako hayuko sawa." Mtoto alikuwa amefunikwa kitenge. Alipofunuliwa macho yalikuwa yamegeuka. Yule mfanyakazi alimbeba mwenyewe akakimbia naye ndani. Yule mama alikuwa na kadi ya mia moja na kitu na alikuwa ameketi kimya, kwa adabu, akingoja zamu. Sikujua mwisho wake.

Foleni ya aliyewahi ni ya haki kwa mkate. Kwa wagonjwa inaua. Dawa yake, kuchambua wagonjwa mlangoni, haina gharama kubwa, na ushahidi mzuri umetoka karibu na kwetu. Blantyre, Malawi, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mwaka 2001 walipanga upya mapokezi ya watoto: kila mtoto anaangaliwa anapofika, mwenye dalili za hatari anaingia papo hapo, na matibabu ya dharura yanaanza hapo hapo. Kabla ya hapo, kati ya watoto waliolazwa walikuwa wakifa asilimia 10 hadi 18. Baadaye ilishuka hadi asilimia 6 hadi 8. Dk. Elizabeth Molyneux na wenzake waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Someni wenyewe, ni kurasa chache na kila mtu wa takwimu ataielewa.

Afrika Kusini nao waliunda kipimo chao kuanzia mwaka 2004, kwa sababu vile vya Ulaya vilitegemea wauguzi wengi waliobobea. Muuguzi anapima mapigo, pumzi, joto, presha, anaangalia kama mgonjwa anatembea na anajibu, anajumlisha alama, anatoa rangi. Nyekundu ni sasa hivi. Rangi ya chungwa ni ndani ya dakika 10. Njano ndani ya saa moja. Kijani ndani ya masaa manne. Mwenye kijani atasubiri zaidi kuliko zamani, na lazima aambiwe hivyo wazi, na sababu yake. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya nyumbani na sijawahi kusikia mtu akitutangazia tutasubiri muda gani.

Tusiige kila kitu cha hapa

Mliokaa hapa Uingereza mnajua habari ya masaa manne. Serikali iliamua mwaka 2000 kwamba ifikapo mwisho wa 2004 mgonjwa wa dharura asikae idara ya dharura zaidi ya masaa manne. Baadaye kiwango kikawa asilimia 98, na mwaka 2010 kikashushwa hadi 95. Ilisaidia sana, hilo haliwezi kukataliwa; kabla yake watu walilala kwenye vitanda vya magurudumu korido nzima. Lakini mkichora grafu ya muda wa wagonjwa kuondoka mtaona kilima cha ajabu dakika chache kabla ya saa ya nne. Watu walikuwa wakilazwa au kuhamishwa ili saa isigonge. Na tangu Julai 2015 kiwango cha asilimia 95 hakijafikiwa tena kwa England nzima, kwa sababu wodi zimejaa. Idara ya dharura haiwezi kutoa mtu kama juu hakuna kitanda. Wengi wanaoandika miradi ya kuboresha mapokezi nyumbani wangeliangalia hilo: unaweza kuharakisha mlango wa mbele na kuhamishia foleni ngazini tu.

Nyumbani tuna vyetu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza ule utaratibu wa Kijapani wa S tano, kwa msaada wa JICA, na Wizara ya Afya ikaueneza hospitali nyingine: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengine huucheka, wanasema ni kupaka rangi na kubandika lebo. Mimi niliyesimama dakika nyingi nikimwangalia mtu akitafuta faili la mama kwenye rundo sakafuni, sicheki. Dakika za kutafuta ni dakika za huduma, zinaingia kwenye ile hesabu ya kubanwa. Tatizo la S tano ni ya tano. Aliyeanzisha akihamishwa, rundo linarudi.

Kompyuta nazo nizitaje kwa ufupi, maana najua wenzetu wa teknohama wananisubiri. Zinasaidia pale zinapofuta hatua. Zikiongeza dirisha jingine la kwenda kuchukua namba ya malipo, halafu mtandao ukalala, zimeongeza foleni.

Dawa ya mama

Ile hospitali ya mama, kwa kliniki ya presha, ina watu wengi kama yeye: hali imetulia, kidonge kilekile, wanarudi kila mwezi kwa sababu dawa ni za mwezi. Wenzetu wa kliniki za ukimwi walikwishalipitia hili. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mgonjwa wa VVU aliyetulia aonwe na kuchukua dawa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, badala ya kila mwezi. Ugonjwa ambao zamani tulidhani utazizamisha kliniki zetu sasa unatufundisha namna ya kuziendesha.

Fanyeni hesabu kwa presha. Anayekuja kila miezi mitatu anakuja mara 4 kwa mwaka badala ya 12. Tuseme nusu ya wanaokuja kliniki ni hao waliotulia. Theluthi mbili za nusu ni theluthi moja ya kazi yote. Daktari aliyekuwa amebanwa asilimia 95 sasa yuko asilimia 63, na kwa ile fomula ya mwanzo kusubiri kunashuka kutoka dakika 114 hadi kama dakika 10. Hakuna jengo jipya wala mfadhili, na ule muda uliobaki wazi ni wa wale ambao presha yao haijashuka, wanaohitaji dakika 20 za daktari na wanapata 4.

Kizuizi ni stoo ya dawa. Vidonge vinavyomezwa kwa mwaka ni vilevile, lakini siku ya kwanza stoo lazima iwe na vya miezi mitatu kwa kila mtu. Mfamasia aliyewahi kuishiwa dawa atakatalia hapo, na ana haki, kwa sababu akimpa mmoja ya miezi mitatu anaweza kumkosa mwingine ya wiki mbili. Kwa hiyo njia ni kuanza na watu wachache, dawa moja au mbili za bei nafuu zinazopatikana kila mara, kila mwezi kundi jingine, huku oda ya dawa ikipandishwa kabla. Mwaka mmoja unatosha kuwahamisha wote. Mhandisi yeyote wa ghala angewasaidia kupanga hili mchana mmoja, na nina hakika humu chuoni tuko zaidi ya mmoja.

Nilimwomba yule daktari amwandikie mama dawa za miezi mitatu. Alikuwa kijana wa umri wangu, macho mekundu kwa uchovu. Akacheka, akaandika bila kubisha. Dirishani wakatoa za mwezi mmoja, wakasema zilizobaki tukanunue nje. Tukanunua. Fedha zilikuwepo mwezi ule kwa sababu mimi nilikuwepo.

Sasa ombi langu. Wengi wetu tutakuwa nyumbani mwezi wa kumi na mbili, na wengi tutamsindikiza mtu hospitali, haiepukiki. Chukua daftari na saa. Andika ulipofika kila kituo, ulipoanza kuhudumiwa, ulipomaliza. Hesabu vichwa kwenye benchi mara moja kila saa, na wanaotoka. Usiandike jina la mgonjwa wala la mfanyakazi, na usipige picha. Ukiweza, omba kuonana na muuguzi mkuu, mwamkie, mwonyeshe ulichoandika na umuulize yeye anaona panabana wapi, kisha umwachie nakala. Mimi nilifanya hivyo siku yangu ya mwisho. Nilitegemea kufukuzwa. Sista aliniuliza kama naweza kurudi Jumatatu, siku ambayo ni mbaya zaidi, na ndege yangu ilikuwa Jumapili.

Karatasi ya kuhesabia nimeichora, ni ukurasa mmoja. Anayeitaka aniulize kwenye mkutano wa jumuiya.